Kivinjari kimeingiliwa? Isome dalili kabla ya kubadilisha nenosiri

Mtu akiona jambo la ajabu kwenye kompyuta yake, kitu cha kwanza anachokimbilia ni kubadilisha nenosiri la barua pepe, palepale, kwenye kompyuta ileile. Anadhani ameshajikinga. Kumbe ikiwa programu hasidi imo ndani ya kivinjari au ndani ya Windows, nenosiri jipya linasomwa wakati analiandika, na mwizi analipata siku hiyohiyo. Kazi imefanyika, lakini imefanyika kinyumenyume.

Tatizo linaweza kuwa limekaa sehemu nne: ndani ya kivinjari, ndani ya Windows yenyewe, kwenye ruta ya nyumbani, au kwenye akaunti ya barua pepe huko iliko. Kila sehemu ina tiba yake, na tiba ya moja haiigusi nyingine. Unaweza kufuta kompyuta nzima na kuipanga upya, na barua zako zikaendelea kuvuja kwa sababu mtu aliweka kichujio, yaani amri ya kuzipanga barua zenyewe, ndani ya Gmail miezi iliyopita. Kwa hiyo tuanze na unachokiona kwa macho, kisha tukifuate mpaka kinakotoka.

Maelekezo mengi hapa ni ya Chrome kwenye Windows, maana ndiyo ninayoikuta katika nyumba nyingi za Mombasa. Nimeandika anwani za ndani za kivinjari badala ya majina ya menyu. Wengine wanatumia Chrome ya Kiswahili, wengine ya Kiingereza, na laptopu ya mtumba kutoka Ulaya inaweza kukujia na Kijerumani. Anwani haibadiliki: unaichapa juu, pale unapochapa jina la tovuti, unabonyeza Enter. Kwenye Edge andika edge:// mahali pa chrome://.

Vijisanduku vya "una virusi" vinajitokeza pembeni mwa skrini

Bi Mkubwa mmoja wa Mji wa Kale alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, hini kompyuta yanitisha. Kila saa yaniambia nna virusi." Nilipofika niliviona: kona ya chini kulia, kijisanduku kimoja kinaondoka, kingine kinaingia, kila kimoja na alama nyekundu na maneno ya kuhimiza kubonyeza. Vilitokea hata kama hakuna tovuti iliyofunguliwa. Nikamuuliza, "Bi Mkubwa, nani mwengine aitumia?" Akasema mjukuu wake huitumia kutazama mpira.

Chanzo ni hicho. Tovuti za kutazama mechi za bure, filamu za bure na kupakua nyimbo humwambia mtu, "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti." Ukibonyeza hujathibitisha chochote. Umeipa tovuti hiyo ruhusa ya kukutumia arifa, na arifa huendelea kuja hata ukiifunga tovuti yenyewe. Si virusi. Kompyuta bado ni nzima mpaka pale utakapobonyeza arifa na kupakua "dawa" wanayokuuzia.

Ingia chrome://settings/content/notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa kila ambayo hukuijua, na usione haya kuziondoa zote. Kisha chagua tovuti zisiruhusiwe kabisa kukuomba ruhusa hiyo. Kwa kompyuta inayotumiwa na watoto, mimi siachi mlango huo wazi hata kidogo. Kwenye Firefox ingia about:preferences#privacy, shuka mpaka sehemu ya ruhusa, ufungue mipangilio ya arifa.

Ikiwa ulishazibonyeza na kuna kitu kilipakuliwa, usiishie hapa. Soma sehemu inayohusu vitufe vya Windows na R, hapo chini.

Skrini yote imejaa onyo, sauti inapiga kelele, kuna namba ya kupiga

Huu ni ukurasa wa tovuti tu uliojitanua ukafunika skrini. Bado haujaingia popote. Shikilia kitufe cha Esc sekunde chache, au bonyeza F11, kisha ufunge kichupo. Kikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka orodha ya programu zinazoendeshwa. Chagua kivinjari, kisha ukizime. Utakapokifungua tena kitakuuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi. Kataa, la sivyo onyo litarudi.

Namba hiyo usiipige. Microsoft haiweki namba ya simu kwenye maonyo yake. Na kama uliipiga, ukakubali mtu aingie kwa AnyDesk au TeamViewer, yaani programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali, basi hesabu kwamba kompyuta ilikuwa mikononi mwake muda wote huo: chomoa intaneti, ondoa programu hiyo, ufuate hatua za programu hasidi zilizo mbele. Kama ulifungua benki au M-Pesa mbele ya macho yake, piga simu benki kabla ya kitu kingine chochote.

Ukitafuta kitu unapelekwa kwingine, matangazo yamejaa kila ukurasa

Ukurasa wa mwanzo umebadilika. Unaandika neno la kutafuta, unaona jina la tovuti usiyoijua linapita haraka, kisha matokeo yanakuja na matangazo mengi. Karibu kila mara chanzo ni kiendelezi, yaani ile programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari: ya kupakua video, ya kugeuza faili za PDF, ya kupata bei nafuu, ya kuzuia matangazo lakini ya bandia.

Watu hulichukulia jambo hili kuwa ni usumbufu tu. Mimi nalichukulia kwa uzito zaidi. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaweza kuiona barua pepe yako ikiwa imefunguliwa. Nenosiri hakilihitaji, maana wewe mwenyewe umeshaingia na kinasoma ukurasa pamoja nawe.

Na kiendelezi kinaweza kuanza kikiwa chema. The Great Suspender kilikuwa kinapendwa na watu wengi kwa kupunguza mzigo wa kompyuta. Kikauzwa kwa mwenye mwingine, na Februari 2021 Google ikakizima kwenye vivinjari vya watu kwa sababu kilikuwa na programu hasidi. Mwishoni mwa Desemba 2024, kiendelezi cha Cyberhaven, kampuni ya ulinzi wa data, kilipachikwa msimbo wa wezi baada ya mfanyakazi wake kuhadaiwa kwa barua pepe. Waliokuwa nacho hawakukosea kitu. Kilijisasisha chenyewe, kama viendelezi vyote vinavyofanya.

Kwa hiyo fungua chrome://extensions na usiulize "hiki ni kibaya?" Uliza "hiki nakitumia?" Kama hukitumii, kiondoe. Kwenye Firefox ni about:addons.

Ikiwa kiendelezi kinarudi baada ya kukiondoa, kuna sababu tatu za kuangalia. Mara nyingi ni usawazishaji: akaunti yako ya Google imo pia kwenye kompyuta ya ofisini au ya mtoto aliyeko chuo, kiendelezi kiko kule, na kinarudishwa huku kila ukiingia. Zima usawazishaji, kiondoe kote, kisha uuwashe tena. Sababu ya pili ni programu iliyo ndani ya Windows inayokipachika upya. Fungua orodha ya programu zilizowekwa, ipange kwa tarehe, uone kilichoingia siku tatizo lilipoanza. Ya tatu ni sera, yaani amri inayokilazimisha kivinjari kifuate mipangilio fulani. Ukifungua menyu ya Chrome ukaona chini kabisa imeandikwa kuwa kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, na hiyo ni kompyuta yako ya nyumbani, fungua chrome://policy. Programu halali za ulinzi huweka sera huko, lakini ukiona sera inayolazimisha kiendelezi usichokijua, ni wezi wameiweka. Kuiondoa kunahitaji kugusa rejista ya Windows, na hapo ni afadhali fundi akae nawe.

Baada ya usafi, chrome://settings/reset hurudisha mipangilio ya mwanzo bila kufuta alamisho wala manenosiri uliyohifadhi.

Ukurasa ulikuambia ubonyeze Windows na R, ubandike kitu, kisha Enter

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia inayowaumiza watu wa aina zote sasa, na kwa Mombasa inawagusa hasa wanaopangisha nyumba na vyumba kwa wageni kule Nyali, Bamburi na Shanzu.

Inakwenda hivi. Barua pepe inakuja ikionekana imetoka kwenye kampuni ya kukodisha vyumba. Inasema mgeni amelalamika, au malipo yake yamekwama, au kuna maoni mabaya yanayohitaji majibu yako. Unabonyeza. Ukurasa unaofunguka una rangi na nembo zilezile unazozijua, na katikati yake kuna kisanduku cha kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu. Ukikibonyeza, maelekezo yanatokea: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl pamoja na V, kisha Enter. Usichokiona ni kwamba ulipobonyeza kile kisanduku, ukurasa ulinakili amri kwenye ubao wa kunakilia wa kompyuta yako. Windows na R hufungua kidirisha cha kuendesha amri, Ctrl na V huibandika, na Enter huiendesha. Umeipakua programu hasidi kwa mkono wako, na kwa kuwa amri imetoka kwako, kivinjari hakikuwa na nafasi ya kukuonya.

Machi 2025 Microsoft ilitoa taarifa kuhusu kampeni ya namna hii iliyowalenga wafanyakazi wa hoteli na nyumba za wageni sehemu mbalimbali duniani, wezi wakijifanya Booking.com. Kampuni yenyewe haikudukuliwa. Jina lake ndilo lililotumiwa. Njia hiyohiyo hutumika kwenye tovuti za filamu na za kupakua programu.

Huna hakika kama ulifanya hivyo, au kama mwanao alifanya? Bonyeza Windows na R, kisha ubofye kishale kilicho kando ya kisanduku cha kuandikia. Utaona amri zilizowahi kuandikwa pale. Nyumba nyingi hapana kitu, au pana neno moja la kawaida. Ukiona mstari mrefu unaoanza na powershell au mshta, wenye anwani ya tovuti ndani yake, au unaomalizika kwa maneno kama "mimi si roboti", basi ilitokea. Usibonyeze Enter. Funga kidirisha.

Kinachoingia kwa njia hii mara nyingi ni programu ya kuiba taarifa. Lumma ni mojawapo ya zilizosambaa sana: Mei 2025 Microsoft na wizara ya sheria ya Marekani ziliivuruga mitambo yake, na Microsoft ikasema ilikuwa imetambua kompyuta zaidi ya 394,000 zenye Windows zilizoambukizwa ndani ya miezi miwili. Programu kama hizi hazikai zikisubiri. Ndani ya muda mfupi hukusanya manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, namba za kadi, na vidakuzi, kisha huvituma kwa mwizi.

Vidakuzi ndivyo vinavyowashangaza watu. Ukiingia kwenye Gmail ukaweka nenosiri na namba ya siri iliyotumwa kwa simu, Gmail huacha kidakuzi kwenye kivinjari chako ili isikuulize tena kila dakika. Mwizi akikichukua kidakuzi hicho akakiweka kwenye kivinjari chake, anaingia moja kwa moja. Haulizwi nenosiri, haulizwi namba ya simu. Ndiyo maana unamsikia mtu akisema kwa uchungu, "Lakini nilikuwa nimeweka uthibitishaji wa hatua mbili!" Alikuwa ameweka kweli. Mwizi aliingia baada ya mlango huo.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu na usiuvuruge. Kwanza, itoe kompyuta kwenye intaneti: zima waifai au chomoa waya. Pili, chukua kifaa kingine ambacho hakikuhusika, simu yako ikiwa safi au kompyuta ya ndugu, na usitumie ya saiba. Tatu, kwa kifaa hicho badilisha nenosiri la barua pepe, kisha uende kwenye orodha ya vifaa vyako uvitoe vyote. Kwa Google, kubadilisha nenosiri hukutoa kwenye vifaa karibu vyote, lakini baadhi ya vifaa vyenye programu za nje ulizozipa ruhusa vinaweza kubaki, kwa hiyo ruhusa hizo nazo zifute moja moja. Nne, badilisha manenosiri mengine kwa kufuata uzito: benki, eCitizen, iTax, akaunti ya kupangishia vyumba, kisha mitandao ya kijamii. Chochote kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye kivinjari kihesabu kimeshachukuliwa.

Kompyuta yenyewe inakuja mwisho. Windows ina ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender: kwenye Usalama wa Windows, fungua ulinzi dhidi ya virusi, kisha chaguo za ukaguzi. Kompyuta itajizima, itawaka na kujikagua kabla Windows haijapanda. Hiyo ni hatua nzuri, ila kwa mtu aliyebandika amri kwa mkono wake mimi napendekeza kuhamisha nyaraka na picha tu, kisha kufuta na kuweka Windows upya. Muda utakaopotea ni wa siku moja, na utalala usingizi.

Barua pepe ina mambo usiyoyaelewa

Dalili hapa zinafanana lakini vyanzo vinatofautiana, na ukivichanganya utahangaika bure.

Ukipokea ujumbe kuwa barua uliyotuma imeshindikana kufika, na wewe hukuituma, angalia kwanza folda ya zilizotumwa na ya tupio. Kama hamna kitu, na orodha ya vifaa haina kigeni, pengine hujaingiliwa. Mtu ameandika anwani yako kwenye nafasi ya mtumaji, jambo linalowezekana bila kugusa akaunti yako, na majibu ya makosa yanarudi kwako. Yaache yapite.

Kama barua zipo kwenye zilizotumwa, au marafiki wanakuuliza kuhusu mkopo ulioomba, au umeletewa namba za siri ambazo hukuziomba, fungua Gmail kwenye kompyuta, shuka mpaka chini kulia ubonyeze maelezo ya shughuli za akaunti. Utaona vifaa, muda na mahali. Usishtuke ukiona Nairobi na wewe uko Tudor. Anwani nyingi za intaneti za Kenya husomeka Nairobi popote ulipo. Na kifaa usichokijua kinaweza kuwa kile cha saiba ya Mwembe Tayari ulikochapisha cheti, ukaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Hicho nacho kitoe. Kinachotia hofu ni nchi ambayo hujawahi kukanyaga, au saa ambazo ulikuwa umelala.

Sasa sehemu ambayo wengi hawaifungui kamwe. Mwizi mwenye akili anapoingia kwenye barua pepe hakufungii nje, kwa sababu ukigundua atapoteza kila kitu. Anaweka mambo yake kimyakimya na kusubiri. Nilimkuta mtu wa Kisauni aliyekuwa akiagiza gari kutoka Japani. Aliandikiana na muuzaji kwa wiki kadhaa, kisha muuzaji akanyamaza, kisha "muuzaji" akarudi na ankara yenye akaunti mpya ya benki. Alikuwa karibu kutuma pesa. Tulipofungua vichujio vyake tulikuta kimoja alichoapa hakukiandika: kila barua kutoka kwa muuzaji, iwekwe alama ya kuwa imesomwa na irukishwe kikasha, iende moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Barua halisi za muuzaji zilikuwa zinafika siku zote hizo, hazionekani. Aliyekuwa akimjibu ni mwizi, kwa anwani iliyotofautiana na ile ya kweli kwa herufi moja.

Kwa mji ambao watu wake wanaagiza magari, wanatoa kontena bandarini na kulipana kwa ankara za barua pepe, hili si jambo la mbali. Kwenye Gmail fungua mipangilio yote ukiwa kwenye kompyuta, maana programu ya simu haikuonyeshi sehemu hizi. Angalia vichujio na anwani zilizozuiwa. Muuzaji wako anaweza kuwa amezuiwa. Angalia usambazaji, kama nakala ya barua zako inapelekwa kwa mtu. Angalia sehemu ya akaunti: nani amepewa ruhusa ya kusoma kwa niaba yako, anwani gani imewekwa ya kujibiwa. Kisha kwenye akaunti ya Google yenyewe, angalia manenosiri ya programu, programu za nje zenye ruhusa, namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti. Kwenye Outlook na Yahoo majina yanatofautiana lakini sheria za barua na usambazaji vipo vilevile.

Fanya hivi baada ya kubadilisha nenosiri, si kabla, la sivyo mwizi ataviweka upya wakati unavifuta.

Akaunti mpya ya benki ikitajwa kwenye barua, mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Namba iliyo kwenye barua hiyo usiitumie. Na kama pesa zimeshaondoka, benki ndiyo ya kwanza kuarifiwa, kwa simu, saa ileile, kisha kituo cha polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, kwa hiyo usikubali kuambiwa kuwa hilo ni jambo la kusameheana. Hifadhi barua zote. Usizifute kwa hasira.

Mara nyingine hakuna programu hasidi kokote. Nenosiri lako lilivuja kwenye tovuti nyingine uliyojiandikisha zamani, na ulilitumia tena kwenye barua pepe. Tovuti ya haveibeenpwned.com, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, itakuonyesha kama anwani yako imo kwenye data zilizovuja ambazo tovuti hiyo inazijua. Barua pepe iwe na nenosiri lake peke yake, lisilofanana na lolote.

Umefungiwa nje kabisa

Nenda g.co/recover, ukitumia kifaa ambacho umezoea kuingilia na waifai uliyozoea. Google huangalia hayo, na mtu anayejaribu akiwa nyumbani kwake ana nafasi kubwa kuliko anayejaribu kutoka saiba. Usichelewe: mwizi akibadilisha namba ya kurejesha, ile ya zamani bado inaweza kutumika kwa siku 7.

Ikiwa wakati huohuo simu yako imepoteza mtandao ghafla na majirani wa laini hiyohiyo wanao, laini yako huenda imehamishiwa kadi nyingine. Mpigie mtoa huduma kwa simu ya mtu mwingine, uifunge laini na M-Pesa, kabla ya kushughulika na barua pepe. Wateja wa Safaricom wanaweza kujikinga mapema kwa kupiga *100*100#, ili laini isibadilishiwe kadi kwa wakala.

Kivinjari kinasema muunganisho si salama

Anza na saa ya kompyuta. Laptopu au kompyuta ya mezani ya zamani ikiishiwa betri yake ndogo ya ubao mama, aghalabu CR2032, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma, na vyeti vya tovuti zote vinaonekana batili. Msimbo ukiwa ERR_CERT_DATE_INVALID, rekebisha saa, badilisha betri, umemaliza.

Onyo likitokea kwenye waifai ya hoteli au mkahawa tu, pengine hujapitia ukurasa wao wa kuingilia. Likitokea nyumbani, kwenye tovuti za benki au barua pepe, kwa kompyuta na simu zote zilizo kwenye waifai hiyo, shuku ruta. Jaribu hivi: zima waifai kwenye simu, ufungue tovuti hiyohiyo kwa bando. Kwa bando ikiwa sawa na kwa waifai ikawa mbaya, huenda mtu amebadilisha DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, ndani ya ruta, na sasa ukiandika jina la benki unaelekezwa kwenye nakala yake. Usibonyeze "endelea hata hivyo".

Fungua ruta kwa anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Kama nenosiri la msimamizi bado ni lile la kiwandani, yeyote aliye kwenye waifai yako aliweza kuingia. Rudisha DNS iwe ya mtoa huduma, au weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Kabla ya kubonyeza kitundu cha kuirudisha ruta mwanzo, mpigie mtoa huduma upate jina na nenosiri la kuunganisha, kwa sababu vitafutika na utabaki bila intaneti.

Kivinjari kimekataa kujisasisha

Hapa kivinjari hakina kosa. Chrome iliacha Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa 2023. Toleo la mwisho kwao ni 109. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha yanakwenda hadi Oktoba 2026. Kompyuta ya mtumba isiyoweza kupanda juu ya hapo inaweza kubaki ya kuandikia na kutazama picha. Barua pepe na benki zitoe humo, au iwekewe Linux Mint, ambayo inatembea vizuri kwenye mashine nyingi za zamani na Firefox yake inasasishwa.

Ukimpelekea fundi

Mwambie ulichokiona, lini kilianza, na ulichobonyeza, hata kama unaona haya. Nusu ya kazi yake ni kukisia yale ambayo wateja wanayaficha. Muulize Windows anayoiweka inawashwa kwa njia gani. Vifungulio vya bandia vya kuwashia Windows na Office ni mojawapo ya njia za zamani kabisa za kuingiza programu za wizi, na mara nyingi humtaka mtu azime kinga ya kompyuta kwanza. Ukiwekewa hicho, umelipa kusafishiwa na ukachafuliwa tena siku hiyohiyo.

Toka kwenye akaunti zako zote kabla ya kumwachia mashine. Akikuomba nenosiri la kufungulia Windows, tengeneza la muda, kisha ulibadilishe ukiirudisha nyumbani. La barua pepe usimpe. Hakuna kazi ya fundi inayolihitaji.